Kubadilisha Sheria: Ni Nani Anashika Kalamu?



Juma lililopita, nyuma ya chakula cha magaribi, wanafunzi watano wa kalasi ya tano walinifwata pale kwenye robineti. Walishika karatasi moja yenye majina 31. Waliniomba niifikishe kwa komite wakati mwezi haujaisha. Karatasi inaomba jambo moja tu: sheria ya saba ya komite yetu ibadilishwe, kusudi kapita mupya asichaguliwe tena kwa karatasi za siri, lakini kila mutu asimame kwa mustari nyuma ya yule anayemutaka. Wanasema mustari ni wazi, ni wa haraka, tena hauombi makuta ya kununua karatasi.

Niliwajibu: "Wadogo wangu, muniache siku saba nifikiri." Mumoja wao akasema: "Yaya, siku saba ni mingi. Uchaguzi uko karibu." Neno lile njo lilinizuia usingizi. Ni kweli, uchaguzi uko karibu. Imebaki juma sita tu. Na juu ya nini mutu anataka kubadilisha sheria ya uchaguzi wakati imebaki juma sita?

Wandugu, jambo hili si letu sisi tu. Mu mwezi wa kumi 2024, kule Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema kama katiba ya inchi inapaswa kuangaliwa upya, na kwamba ataweka komisyo ya watu wa kuitengeneza. Toka siku ile, mu basi, sokoni, hata nyumbani kwetu wakati wa likizo, wakubwa wanabishana. Mimi sitafanya politike hapa mu gazeti letu. Bwana Prefe alikwisha kutuonya, na ana haki. Lakini historia iko mu programu yetu, na mwalimu wetu wa historia alitufundisha namna inchi yetu ilibadilisha katiba wakati wa kutoka mu chama kimoja na kwenda mu demokrasia. Ninapenda tuitazame pamoja, kiisha nitarudia karatasi ile ya robineti.

Tuanze mbali kidogo. Katiba ya mwezi wa sita 1967 ilipigiwa kura na raia. Ilikubali vyama viwili vya politike, si zaidi. Lakini chama cha pili hakikuonekana. Mwisho wa 1970 katiba ikabadilishwa, MPR ikawa chama kimoja tu. Mu 1974 ikabadilishwa tena, na MPR ikawa yote: bunge lilikuwa kiungo chake, serikali kiungo chake, hata mahakimu. Mutazame vizuri: hakuna mutu aliyechoma katiba mbele ya watu. Ilibadilishwa kwa kalamu, na muhuri ulikuwa pahali pake. Kila mara walisema ni kwa faida ya umoja wa taifa. Na kila mara yule aliyeshika kalamu njo aliyepata zaidi.

Halafu ikafika tarehe 24 mwezi wa ine 1990. Kule N'Sele, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wakubwa wetu wanasema machozi yalimutoka siku ile, na inchi yote iliona. Alisema transisyo itachukua mwaka mumoja, mpaka mwisho wa mwezi wa ine 1991. Mwaka mumoja! Basi katiba ilipaswa kubadilishwa haraka, kwa sababu huwezi kufanya demokrasia na katiba yenye kusema chama ni kimoja. Mu mwezi wa saba 1990 ikabadilishwa: vyama vitatu. Watu wakalalamika, wakauliza kwa nini vitatu, juu ya nini si ine ao kumi. Mu mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule ikabadilishwa tena: vyama vyote vinavyotaka. Katiba moja, mabadiliko mawili mu miezi tano.

Hapa ninasimama kidogo, juu mutu asinielewe vibaya. Sisemi kama sheria haipaswi kubadilishwa hata siku moja. Sisi wote tunajua habari ya mufalme Dario, aliyetia muhuri kwa sheria isiyoweza kubadilishwa, na kiisha akashindwa hata kumuokoa Danieli, rafiki yake. Alikesha usiku muzima bila kula. Sheria isiyobadilika inaweza kumufunga hata yule aliyeiandika. Mu 1990 katiba ya Zaire ilipaswa kubadilishwa, na wale walioomba ibadilishwe walikuwa na haki. Ulizo halikuwa kama ibadilishwe ao hapana. Ulizo lilikuwa: ni nani atashika kalamu?

Raia walisema: sisi wote. Njo maana ya ile Konferansi ya Taifa iliyofunguliwa tarehe 7 mwezi wa nane 1991 mu Kinshasa, na watu zaidi ya 2,800 kutoka pande zote: vyama, makanisa, wafanyakazi, waalimu, watu wa serikali. Mu mwezi wa kwanza 1992 Waziri wa Kwanza Nguz Karl-i-Bond akaifunga. Tarehe 16 mwezi wa pili, wakristo wa Kinshasa wakatoka makanisani, wakatembea kwa amani kuomba ifunguliwe, na askari wakawapiga risasi. Watu walikufa. Wandugu, wale watu hawakufa juu ya mukate wala juu ya mushahara. Walikufa juu ya kuomba watu wote wawe na haki ya kuandika sheria pamoja. Tusisahau jambo hilo wakati tunasema "sheria ni karatasi tu."

Konferansi ikaanza tena mu mwezi wa ine. Tarehe 4 mwezi wa nane 1992 ikatoa sheria yake ya transisyo, na kiisha siku chache ikamuchagua Etienne Tshisekedi kuwa Waziri wa Kwanza. Lakini Rais hakukubali sheria ile, kwa maana ilimupunguzia nguvu. Mu 1993 watu wake wakakutana, wakatengeneza sheria yao, na akamuweka Birindwa kuwa Waziri wa Kwanza. Basi inchi moja ikawa na mawaziri wa kwanza wawili, mabunge mawili, na sheria kubwa mbili. Kila upande ulisema: "Sheria ya kweli ni hii yangu."

Mutu wa kijiji anaweza kusema: mabishano ya wakubwa, sisi yanatuhusu nini? Mwalimu alitupatia jibu kwa mufano wa noti. Wakati ule kulitoka noti mpya ya zaire 5,000,000. Tshisekedi akasema si makuta ya kweli. Rais akasema ni makuta ya kweli. Mwisho wa mwezi wa kwanza 1993 askari wakalipwa kwa noti ile, wakaenda nayo sokoni, na wachuuzi wakaikataa. Askari wakakasirika, wakaingia mu maduka na mu nyumba za watu, wakapora. Watu wengi walikufa mu Kinshasa, hata balozi wa Ufaransa alikufa. Munaona? Inchi ikiwa na sheria mbili, hata noti ndani ya mufuko haijui tena kama ni makuta ao ni karatasi.

Mwisho pande mbili zikachoka. Tarehe 9 mwezi wa ine 1994 zikakubali sheria moja ya transisyo, na mabunge mawili yakawa bunge moja. Sheria ile iliweka miezi 15 kwa transisyo, na kiisha uchaguzi. Miezi 15 ikaisha mu mwezi wa saba 1995. Uchaguzi haukuwa tayari. Basi bunge likabadilisha sheria na kuongeza miaka miwili. Na hapa upande wa Rais na upande wa upinzani, waliogombana miaka mitano, walipatana vizuri sana! Wale waliokalia viti njo waliopiga kura ya kuongeza siku za viti. Raia hakuulizwa. Miaka ile miwili haikufika mwisho: mu mwezi wa tano 1997 vita ikafika Kinshasa, Mobutu akakimbia, na sheria ile ikawekwa pembeni. Transisyo ya mwaka mumoja ilichukua miaka saba, na raia hakupiga kura hata mara moja.

Mutu anaweza kusema: ni zamani sana, sisi hatukukuwa tumezaliwa. Ni kweli. Basi tuangalie karibu. Nyuma ya vita, transisyo ya 2003 ilifanya jambo moja vizuri: katiba mupya haikubaki mikononi mwa wale waliokuwa mu viti. Ililetwa kwa raia. Tarehe 18 na 19 mwezi wa kumi na mbili 2005 watu walipiga kura, na karibu 84 kwa mia wakasema ndiyo. Ilianza kazi tarehe 18 mwezi wa pili 2006. Wale walioiandika walikumbuka mambo ya zamani. Wakaandika kama Rais ana miaka mitano, na inaweza kurudiwa mara moja tu. Kiisha wakaweka article 220, ambayo ninapenda kila mwanafunzi aijue: kuna mambo mu katiba ambayo hakuna mutu anaruhusiwa kuyabadilisha, na hesabu ya vipindi vya Rais na urefu wao ni kati ya mambo hayo. Na article 219 inakataza kubadilisha katiba wakati wa vita na wakati wa hali ya hatari. Ni sawa baba aliyefunga sanduku na kutupa ufunguo mu ziwa, juu anajijua mwenyewe.

Lakini si kila kitu kilifungwa. Katiba ile ilisema uchaguzi wa Rais unafanyika mara mbili kama hakuna aliyepita nusu ya kura. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2011 articles nane zikabadilishwa, na moja yao njo ile: toka sasa ni mara moja tu, mwenye kura mingi anashinda. Walisema ni kwa kupunguza matumizi ya makuta. Ni sababu nzuri, uchaguzi unakula makuta mengi. Lakini uchaguzi ulifanyika mu mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule, na Rais aliyekuwa mu kiti, Joseph Kabila, alitangazwa na kura karibu 49 kwa mia. Kwa sheria ya 2006 alipaswa kurudi mbele ya raia mara ya pili. Sisemi angeshindwa. Hakuna mutu anayejua. Lakini kwa sababu hakuna mutu anayejua, wengi hawakutulia moyoni, na mupaka leo wanaongea juu ya ile article.

Munaona sasa juu ya nini karatasi ya robineti ilinizuia usingizi? "Ni haraka, haiombi makuta." Maneno ni yale yale.

Mama zetu wanaouza maharagi wanajua jambo hili kupita sisi. Kopo ya kupimia inaweza kubadilishwa, hakuna zambi. Bei ikipanda, mama anaweza kuleta kopo ndogo, na kila mutu anaona. Lakini mama akisubiri mununuzi afungue mufuko, kiisha akageuka na kugonga kopo chini kusudi isijae, hiyo si kubadilisha kipimo. Hiyo ni kuiba, hata kama kopo ni ile ile.

Sasa ninafikia jambo langu mwenyewe, na si rahisi kuliandika.

Wengi wenu munajua, wengine wanasema chinichini mu chumba cha kulala. Mwaka uliopita, sheria ya ine ya komite ilisema mwanafunzi aliyepata azabu ya disipulini mu mwaka ule hawezi kusimama kwa uchaguzi wa kapita. Mimi nilikuwa na azabu moja. Nilikamatwa inje ya lupango usiku, nikakata majani siku tatu. Juma mbili mbele ya uchaguzi, komite ilikutana na kubadilisha sheria: pahali pa "azabu moja" ikaandikwa "azabu mbili". Tulisema sheria ilikuwa kali sana. Ilikuwa kweli, na leo bado ninasema ilikuwa kali. Hatukutaja jina la mutu. Tulisema ni kwa wanafunzi wote. Lakini mwaka ule, kati ya wale waliotaka kusimama, mwenye azabu moja alikuwa mumoja tu. Na mwandishi wa komite, aliyeshika kalamu na kuandika mu kaye, nilikuwa mimi.

Nilishinda kwa kura 8.

Ndugu aliyenifwata kwa kura iko nasi kalasi ya sita. Hajanisema neno hata moja juu ya jambo lile. Kila asubui ananisalimia, "Kapita." Ninamuitika, lakini ninajua. Na si yeye tu. Mu mwezi wa kumi nilimukamata mutoto wa kalasi ya pili akiruka lupango, nikamupeleka kwa mukubwa wa disipulini, sawa kazi yangu inavyoniomba. Mutoto hakubisha. Aliniangalia tu. Wandugu, kapita anayeangaliwa vile ana jina la kapita, lakini nguvu yake imepunguka. Njo bei ya sheria niliyoibadilisha. Ninaomba musamaha kwa ndugu yule, na kwenu wote.

Ninajua mumoja atasema: "Yaya, wewe ulikwisha kula, sasa unafunika chungu." Ana haki ya kusema vile. Ningekuwa pahali pake ningesema vile pia. Lakini nimujibu: aliyekula chakula kibaya njo anayeweza kusema namna tumbo inauma. Tena mimi ninamaliza masomo mwaka huu. Mukisimama kwa mustari ao mukipiga karatasi, mimi sipati kitu.

Na tuseme ukweli juu ya ule mustari. Mutoto wa kalasi ya kwanza anayelala mu chumba kimoja na wakubwa wa kalasi ya tano, atasimama nyuma ya nani? Atasimama pale wakubwa wake wanamutazama. Pengine mustari ni mzuri kwa mambo mengine. Lakini leo, kila mutu hapa masomo anajua ni nani mwenye marafiki wakubwa mu vyumba vya kulala, na anajua kama karatasi ya siri haimusaidii mutu yule.

Basi, hili njo wazo langu, na nitalipeleka kwa komite na kwa Bwana Prefe. Karatasi ya wadogo wangu watano sitaitupa. Watu 31 waliandika majina yao bila kujificha, wanapaswa kuheshimiwa. Itasomwa mbele ya wanafunzi wote, si mu komite tu. Lakini uchaguzi wa mwaka huu utafanyika kwa sheria tuliyo nayo, kwa karatasi za siri. Makuta ya karatasi yakikosa, tutakata kaye za zamani. Kipande kidogo kinatosha kuandika jina. Nyuma ya uchaguzi, wote watapiga kura juu ya mustari, na wakiukubali, utaanza na uchaguzi wa mwaka unaokuja, wakati hakuna mutu anayejua bado ni nani atasimama.

Tena ninaomba tuongeze neno moja mu sheria zetu: badiliko lolote juu ya uchaguzi lisiwahusu wale waliolipigia kura wakiwa mu komite. Aliyeshika kalamu asiwe wa kwanza kula. Kama inchi yetu ingekuwa na neno hilo mu 1995, pengine wale wa viti wangekumbuka raia mbele ya kuongeza miaka miwili.

Wadogo wangu watano, siku saba zimeisha, na jibu langu njo hili. Ninajua halitawafurahisha. Mukitaka kubishana nami, muandike mu gazeti hili mwezi unaokuja. Stensili haijaisha, na mwalimu anayetusaidia kuchapa amekubali kuwapa ukurasa muzima. Ao munifwate tena pale kwenye robineti. Nitawasikiliza.

Na wewe ndugu wa kura 8 zilizopunguka, kesho asubui nikikusalimia, uniitike kwa jina langu.

Mungu awasaidie wote mu egzamen.

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya sita Pedagojia